Utafiti wa kampuni za Indonesia: tunapima uongozi au tunapima adabu?

#1 Binti_Pangani
Wakuu habari. Nipo Yogyakarta, mwaka wa pili wa uzamili wa menejimenti, kwa ule ufadhili wa serikali ya huku unaoitwa KNB. Tasnifu yangu inahusu mtindo wa uongozi na utendaji wa wafanyakazi kwenye viwanda vya samani. Nimesoma makala hadi macho yanauma, na nyingi mno vichwa vyake vinaanza na neno moja: Pengaruh. Maana yake athari. Athari ya uongozi kwa utendaji, athari ya motisha kwa utendaji, athari ya utamaduni wa kampuni kwa utendaji. Ukifika mwisho, jibu karibu ni lilelile: athari ni chanya, tena ina uzito kitakwimu.

Sasa wiki iliyopita nikaenda mwenyewe kukusanya data kwenye kiwanda kimoja upande wa Jepara. Madodoso 60. Nilidhani nitayagawa kwa mkono wangu. Afisa utumishi, wenyewe wanamwita Pak HRD, akayapokea kwa heshima zote, akaniagizia chai, akaenda nayo kwenye banda la kupiga msasa. Nikawa namwona dirishani. Kasimama kichwani mwa meza, mikono nyuma. Wafanyakazi wanajaza wima, vumbi la msaji limewatanda mpaka kwenye nyusi. Kila anayemaliza anamkabidhi karatasi kwa mikono miwili, mgongo umeinama kidogo. Anaitupia jicho, anatikisa kichwa, anaiweka juu ya nyenzake.

Dakika ishirini tu, yote 60 yamerudi. Swali la "kiongozi wangu hunisikiliza": 5, 5, 4, 5, 5. Sangat setuju, yaani nakubali kabisa. Hakuna hata 2 moja.

Nimeingiza kwenye SmartPLS, programu ya takwimu, matokeo yanang'aa. Mwalimu anayenisimamia kafurahi. Mimi usingizi hauji. Naomba tusaidiane: hapo nimepima uongozi, au nimepima adabu?

#2 Chuma_cha_Pua
Dada, kuna watu hapa wamezungushwa miezi minane kupata madodoso 30, wewe umepata 60 kwa dakika ishirini na chai juu. Andika, tetea, rudi Pangani ukale samaki.

#3 Mlimani_04
#2 usimharibu mtoto wa watu. Alichoona dirishani ndicho utafiti wenyewe.

Binti, nafundisha somo la mbinu za utafiti. Tatizo lako lina sura mbili. Ya kwanza umeiona: bosi amesimama pale. Ya pili imejificha: mtu mmoja, kwenye karatasi moja, saa moja, anaulizwa "kiongozi wako ni mzuri?" na papo hapo "wewe unafanya kazi vizuri?" Aliyeamka na furaha ataandika 5 kote. Mwenye mtoto mgonjwa ataandika 3 kote. Kompyuta itaona namba zinapanda na kushuka pamoja, itakwambia kuna uhusiano. Hata Pak HRD angekuwa Jakarta siku hiyo, uhusiano ungetokea tu.

Na tusiwanyooshee kidole Waindonesia peke yao. Nenda maktaba yoyote ya chuo hapa nyumbani, chukua tasnifu kumi za utawala wa biashara, uone ngapi zina kichwa cha namna hiyohiyo.

#4 Baba_Nuru
Naunga mkono #3 lakini mimi naona utamaduni unapuuzwa. Waindonesia wana msemo, asal bapak senang, wanaufupisha ABS: mradi mzee afurahi. Bapak ni baba, na bosi kazini ni bapak vilevile. Humwambii baba kwamba amekosea, tena mbele ya mgeni. Hofstede, yule mtafiti wa tamaduni za kazini, aliwapa 78 kwenye kipimo cha umbali kati ya mkubwa na mdogo, na 14 tu kwenye kipimo cha mtu kujitanguliza kuliko kundi lake. Kwa jamii ya namna hiyo, ile 5 ni salamu. Ni kama shikamoo: anayeitikia marahaba hajapimwa kama kweli anastahili.

#5 Wa_Buruburu
Mzee #4, hiyo ya shikamoo imeniingia. Ila kwa Hofstede twende polepole. Zile namba zilitoka kwa wafanyakazi wa kampuni moja, IBM, kati ya 1967 na 1973. Karani wa IBM Jakarta wakati huo hafanani na fundi wa msasa Jepara leo. Na unajua sisi tulipimwa vipi? Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia tulitiwa kapu moja, likaitwa Afrika Mashariki, tukapewa 64. Mimi na Mhabeshi na Mzambia, namba moja.

Indonesia nayo ina visiwa zaidi ya 17,000. Mjava atazunguka maneno nusu saa ndio asikuudhi. Mbatak wa Sumatra Kaskazini anajulikana nchi nzima kwa kusema jambo usoni, sauti juu. Ile 78 ni ya nani kati yao?

#6 Karafuu_Wete
Asalaam aleikum. Nyinyi mnatafuta ukubwa kwa Pak HRD, mimi nasema mumekwenda mlango sio.

Sisi Pemba twaijua biashara ya Indonesia kabla ya hizo dodoso. Kretek, ile sigara yao ya tumbaku na karafuu, ndiyo iliyokuwa ikinunua karafuu yetu. Karafuu yenyewe asili yake Maluku, kwao, lakini viwanda vya Kudus na Kediri vilikuwa vyala karafuu kuliko ilivyozaa miti yao, wakaja kwetu na Madagaska. Na si kila mfanyabiashara kule aliruhusiwa kuagiza. Chini ya Rais Suharto leseni ilikaa kwa wawili: kampuni ya Liem Sioe Liong, rafiki yake tangu jeshini, na kampuni ya Probosutedjo, nduguye. Basi.

Halafu wakapanda miti yao kwa wingi, ikazaa, na sisi bei ikaanguka miaka ya 80. Nilikuwa skuli. Majamvi ya karafuu yalikaa uwanjani kwetu mpaka zikaota ukungu, baba akawa hataki hata kuziangalia.

Sasa niambieni: huyo mwenye leseni, kampuni yake ikipata faida, utaandika "athari ya uongozi kwa utendaji"?

#7 Kijana_wa_Posta
Nipo hapa nakunywa maarifa. Mzee Karafuu, si ndio huyo mtoto wa Suharto alipewa karafuu zote miaka ya 80?

#8 Karafuu_Wete
La, huyo ni Tommy, na ni baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 90. Chombo chake kiliitwa BPPC. Kilipewa haki ya kununua karafuu yote ya wakulima wa ndani na kuwauzia wenye viwanda kwa bei yake, kwa mkopo wa benki kuu. Wakulima wa Sulawesi wakaumia kama tulivyoumia sie. Kilivunjwa 1998, IMF wakiwa wameshika kalamu. Ile ya leseni mbili ni ya kuagiza kutoka nje, na ilianza mwisho wa miaka ya 60.

#9 Mhasibu_Tabata
Karafuu umenikumbusha utafiti ambao kwangu mimi ndio mzuri kuliko wote uliofanywa juu ya kampuni za Indonesia, na hauna dodoso hata moja.

Raymond Fisman, 2001, kwenye American Economic Review. Alitaka kujua kujuana na Suharto kuna thamani gani. Angemuuliza mkurugenzi "je, wewe ni mtu wa Rais?" angeonyeshwa mlango. Akafanya hivi: kampuni moja ya ushauri Jakarta ilikuwa imeshayapanga makundi makubwa ya biashara kwa alama 1 hadi 5, kulingana na jinsi yanavyomtegemea Suharto. Kisha akatafuta siku ambazo uvumi wa afya ya Suharto ulitanda mjini, kati ya 1995 na 1997. Mfano Julai 1996, mzee alikwenda Ujerumani kupimwa. Soko la hisa likashuka, lakini hisa za kampuni za alama 5 zilishuka zaidi ya zile za alama 1. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kujuana. Hesabu yake ilifika kama robo ya thamani ya kampuni yenye uhusiano wa karibu.

Yaani mzee akikohoa, kampuni inapungua. Wakurugenzi walewale, mashine zilezile, wafanyakazi walewale.

#10 Chuma_cha_Pua
#9 hapo nimevua kofia.

#11 Kijana_wa_Posta
Sawa, lakini kwa hoja hiyo basi uongozi hauna maana kabisa? Kila kitu ni siasa? Mbona Suharto aliondoka Mei 1998 na kampuni nyingi zipo mpaka leo, Indomie, tambi za kampuni ya yule Liem, tunakula hapa hapa.

#12 Binti_Pangani
Asanteni, mmenipa chakula. Kijana #11 swali lako ndilo linanisumbua na mimi. Fisman anatuambia kuhusu makundi makubwa kwenye soko la hisa, wakati ule. Kiwanda changu cha Jepara hakina hisa sokoni, mwenyewe ni familia, na sidhani kama Rais yeyote amewahi kukisikia.

Ila jambo la familia lina uzito. Claessens, Djankov na Lang, mwaka 2000, walifuatilia kampuni 2,980 za nchi tisa za Asia Mashariki wakauliza mmiliki wa mwisho ni nani, ukipanda ngazi kampuni baada ya kampuni. Kwa Indonesia, familia kumi za juu zilishika asilimia 57.7 ya thamani yote ya soko. Familia moja tu, ya Suharto, asilimia 16.6. Kwa hiyo ukisoma makala ya leo inayosema "wajumbe huru wa bodi hawana athari kwa faida", jiulize: huru kutoka kwa nani, kama aliyewateua ni shangazi na mjomba?

#13 Mhasibu_Tabata
Kwenye bodi hapo naomba niongeze, maana wengi wanakosea. Kampuni ya Indonesia ina mabaraza mawili, urithi wa Mholanzi. Direksi wanaendesha. Dewan Komisaris wanasimamia na kushauri. Hakuna anayekaa kote kuwili. Sheria inayotumika ni namba 40 ya 2007, kabla yake ilikuwa ya 1995. Kampuni ya sokoni lazima angalau asilimia 30 ya makomisaris wawe huru. Ni mfumo wa Wajerumani uleule, baraza la juu linamfukuza mkurugenzi akiharibu.

#14 Wa_Buruburu
#13 hapo mwisho umeteleza, ndugu. Ujerumani baraza la usimamizi ndilo huteua na kufukuza wakurugenzi. Indonesia, mkutano mkuu wa wanahisa ndio huteua mabaraza yote mawili. Komisaris anaweza kumsimamisha mkurugenzi kwa muda tu, halafu mkutano uamue. Hiyo tofauti ndogo inabeba kila kitu. Mwenye hisa nyingi anaweka mlinzi na anayelindwa, wote wawili, siku moja. Kuna makala nyingi zinachukua kanuni za mfumo wa bodi moja wa Marekani zinazipachika kwa komisaris, halafu wanashangaa namba hazisemi kitu.

#15 Mhasibu_Tabata
Nimekubali, umenirekebisha vizuri. Lakini sikilizeni hii, maana inaipinga hoja yako kwa upande mmoja.

Garuda, shirika la ndege. Hesabu za 2018 zilionyesha faida ya kama dola milioni 5. Aprili 2019 makomisaris wawili wakakataa kutia sahihi. Sababu: uongozi ulikuwa umeingiza kama mapato ya mwaka huo karibu dola milioni 240 za mkataba wa miaka 15 wa kuweka intaneti ndani ya ndege, na fedha yenyewe ilikuwa haijaingia. Mamlaka zikachunguza. Mkaguzi akafungiwa leseni miezi 12, wakurugenzi wakapigwa faini, hesabu zikaandikwa upya: hasara ya dola milioni 175.

Nimekaa kwenye vyumba vya ukaguzi miaka kumi na moja. Kukataa kutia sahihi, wakati wenzako wote wameshatia na kalamu inakusubiri mezani, ni jambo zito. Hao wawili walifanya kazi ya komisaris kama kitabu kinavyotaka.

#16 Mlimani_04
#15 taja na walikuwa wanamwakilisha nani. Hawakuwa wale "huru" wa asilimia 30. Walikuja kwa niaba ya wanahisa binafsi wenye zaidi ya robo ya hisa. Fedha yao ilikuwa mle ndani. Waliokuwa wakiitwa huru walitia sahihi. Hapo ndipo mtafiti anayehesabu tu "wajumbe huru ni wangapi" anapoachwa na basi.

#17 Baba_Nuru
Kwa hiyo uchungu wa mali umeshinda uhuru wa kwenye karatasi. Hata hivyo narudi kwenye hoja yangu: kwa nini wengine walitia? ABS.

#18 Wa_Buruburu
Mzee, hata Marekani bodi ya Enron, ile kampuni ya nishati iliyoanguka kwa hesabu za uongo, ilitia, na kule hakuna bapak.

#19 Baharia_Mstaafu
Mimi si msomi, nilikuwa baharini miaka 19, miwili kati ya hiyo chini ya nahodha Mjava na mabaharia Waindonesia watupu isipokuwa sisi watatu. Kila amri jibu ni "siap, Pak". Tayari, mzee. Mwanzo nikadhani hawa hawana ubishi. Nikaja kugundua kuna "siap" za aina nyingi. Ile ya haraka, anakwenda kufanya. Ile inayovutwa kidogo, maana yake jambo hili lina kasoro. Na kuna ile anayojibu halafu anabaki amesimama. Hiyo nahodha akiisikia anaacha kila kitu, anamwita pembeni wakanywe kahawa. Siku moja bosun, mkuu wa mabaharia wa sitaha, alibaki amesimama, nahodha akampeleka kando, waliporudi tukabadilisha jinsi ya kufunga mzigo wote wa sitaha. Hakuna aliyesikia neno la kupinga.

Kwa hiyo habari inapanda juu. Haipandi kwa mdomo.

#20 Binti_Pangani
Baba Baharia, shikamoo. Hii imenigusa sana. Dodoso langu halina kisanduku cha "amejibu ndiyo akabaki amesimama".

#21 Mama_Zawadi_Bekasi
Jamani kumbe tupo wengi. Mimi nimeolewa huku, mwaka wa tisa. Naomba niwapeleke pasipo na profesa: mgahawa wa Padang.

Mnaingia, mnakaa, hamjaagiza kitu. Kijana anakuja na sahani kumi na mbili zimepangana kwenye mkono mmoja kuanzia kiganja hadi karibu na bega, anazishusha zote mezani. Mnalipia mlichokula tu. Watu wa Padang ni Waminangkabau, na migahawa yao ya asili haina mshahara wa mwezi kama tunavyoujua. Kuna kitu kinaitwa mato, yaani alama. Mpishi mkuu ana alama zake, mbeba sahani zake, muosha vyombo zake. Baada ya kipindi fulani wanakaa, wanatoa gharama, wanatoa zaka, kinachobaki fungu linakwenda kwa mwenye mtaji na fungu kwa wafanyakazi kwa hesabu ya mato. Kijana akivunja sahani anajua amejivunjia mwenyewe.

Jirani yangu alianza kwa kuosha vyombo, sasa ana mgahawa wake na bado anagawa kwa mato. Mpelekee dodoso la "mtindo wa uongozi" uone atakavyokushangaa.

#22 Karafuu_Wete
Mashallah. Hiyo ni kama mgao wa jahazi: fungu la chombo, fungu la nahodha, fungu la mabaharia. Na maneno yao mengi yatokana na Kiarabu kama yetu. Mufakat ni muafaka. Amanah ni amana. Dewan hiyo ya komisaris na diwani wetu ni neno moja.

#23 Chuma_cha_Pua
Wakuu mbona hamgusi Gojek? Kampuni ya bodaboda iliyotoka hapo ikawa ya mabilioni, ilianza 2015, leo kila chuo wanaifundisha.

#24 Wa_Buruburu
2015 ni programu ya simu. Kampuni ilianza 2010, Nadiem Makarim na madereva kama 20 na kituo cha kupokea simu. Miaka mitano hapo kati ndio ilikuwa shule yao. 2021 wakaungana na Tokopedia, soko la mtandaoni, ikawa GoTo, 2022 wakaingia soko la hisa.

Na dereva kule wanamwita mitra, mshirika, si mwajiriwa. Ukiwa mwajiriwa Indonesia una haki ya THR, mshahara wa mwezi mzima wa sikukuu ukiwa umetimiza mwaka, na lazima ulipwe siku 7 kabla. Mshirika hana. Wamelalamika miaka, mpaka 2025 serikali ikayataka makampuni yawape bonasi ya Idi.

#25 Mama_Zawadi_Bekasi
#24 kweli tupu. THR ikikaribia hapa mtaani kila mlango unaongea hilo tu. Kiwanda kinachochelewesha THR hata wiki moja, wale wa "sangat setuju" wote utawakuta getini na mabango. Kwa hiyo #4, adabu ina mpaka wake.

#26 Mlimani_04
Nadiem tuliyemtaja ndiye alikuja kuwa waziri wa elimu, na Agosti 2023 akatangaza kwamba tasnifu si lazima tena kwa shahada ya kwanza, chuo kinaweza kuchagua njia nyingine. Hapo tunarudi kwenye uzi.

Maelezo yangu mimi ni mfumo wa motisha wa wasomi wenyewe. 2012 ulitoka waraka wa kutaka wanafunzi wachapishe ndipo wahitimu, mpaka wa shahada ya kwanza. 2017 ikaja SINTA, mfumo wa kitaifa wa kuwapanga wahadhiri na majarida kwa alama, na mwaka huohuo kanuni ya kubana posho za maprofesa wasiochapisha. Mhadhiri ana vipindi vingi, hana fedha ya kukaa kiwandani miezi sita, anahitaji makala mbili mwaka huu. Atafanya nini? Dodoso 100, programu ya takwimu, Pengaruh. Simlaumu. Ningekuwa pale pengine ningefanya hivyohivyo, na naisema kwa uchungu.

Lakini ipo kazi nzuri kubwa. Idara yao ya takwimu, BPS, inahesabu kila mwaka viwanda vyenye wafanyakazi 20 na zaidi, tangu 1975. Ni hazina. Amiti na Konings 2007 waliitumia wakaonyesha kuwa ushuru wa malighafi ukishushwa kwa pointi 10, tija ya viwanda vinavyoagiza inapanda kama asilimia 12. Hilo ndilo jibu mtunga sera analoweza kushika mkononi.

#27 Karafuu_Wete
Mwalimu, na hiyo fomu ya BPS hujazwa na nani? Si Pak HRD yuleyule?

#28 Mlimani_04
Hujazwa na uongozi wa kiwanda, ndiyo. Swali zuri. Tofauti ni kwamba anaandika tani za mbao na idadi ya watu, si kama anapendwa. Anaweza kudanganya kwa kuogopa kodi, lakini hana sababu ya kudanganya kwa mpangilio unaofuata ushuru wa waziri.

#29 Mhasibu_Tabata
Kabla hatujaizika familia kabisa. Astra, kampuni kubwa ya magari, ilianzishwa 1957 na William Soeryadjaya. Desemba 1992 benki iliyokuwa ya familia, Bank Summa, iliyoongozwa na mwanawe, ilifungwa. Wenye akiba walikuwa nje wanalia. Mzee akauza hisa zake za Astra kulipa madeni ya benki, akapoteza kampuni aliyoijenga miaka 35. Leo mwenye nusu ya hisa ni Jardine, kampuni ya nje. Sasa mtafiti ataliandika vipi hili? Udhaifu wa usimamizi wa familia, au heshima ya jina?

#30 Baba_Nuru
Vyote viwili. Baba aliyeshindwa kumwambia mwanawe hapana, na baba aliyelipa.

#31 Kijana_wa_Posta
#29 mimi bado nauliza, basi kampuni ilisimama vipi baada ya yeye kuondoka? Kama ni familia ingekufa. Kama ni siasa ingekufa 1998. Hapo lazima kuna uongozi wa mameneja ndani. Hamjanijibu tangu #11.

#32 Wa_Buruburu
Kijana ana hoja. Astra walikuwa na mfumo wa kulea mameneja wa kuajiriwa tangu zamani. Sisi wote tumekimbilia Suharto na bapak kwa sababu ndiyo hadithi tamu.

#33 Mama_Zawadi_Bekasi
Binti, ushauri wa mama: usiulize kiwandani. Wafuate kwenye vyumba vyao vya kupanga, jioni, wameoga. Nenda na gorengan, vile vitafunio vya kukaanga.

#34 Binti_Pangani
Nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Nimemsikiliza Mama Zawadi. Nilipanga chumba kijiji cha jirani na kiwanda. Nikachukua kopo tupu la biskuti za Khong Guan, lile jekundu la kila nyumba huku, nikalitoboa mfuniko. Madodoso yaleyale, bila jina, bila idara. Nikaliacha kwenye duka la mama mmoja anayeuza kahawa, naye hamjui Pak HRD. Nikawaambia wajaze wakitaka, watumbukize.

Yamerudi 23. Swali la "kiongozi wangu hunisikiliza" sasa lina 2, lina 1, lina 3 nyingi. Nyuma ya karatasi moja mtu ameandika kwa penseli kwamba mashine ya kunyonya vumbi imeharibika, wamesema mara tatu. Nilipokwenda mara ya kwanza niliona wote wana vumbi kwenye nyusi, nikaliandika hapa #1 kama pambo la hadithi. Sikuuliza kwa nini.

Nitaziweka data zote mbili kwenye tasnifu, sura mbili tofauti. Mwalimu wangu hajakubali bado.

#35 Mlimani_04
Kazi nzuri sana. Lakini nikuulize kabla hajakuuliza yeye: hao 23 ni akina nani? Aliyeridhika hana haraka ya kwenda kutumbukiza karatasi kwenye kopo. Huenda mara ya kwanza ulipata adabu, mara hii umepata malalamiko.

#36 Baharia_Mstaafu
Na huyo wa penseli, mashine ya vumbi alimwambia nani hizo mara tatu? Kwa mdomo au kwa kusimama?

#37 Binti_Pangani
Sijui, Baba. Jumatatu narudi kijijini, nitakaa kwa mama wa kahawa nimngoje.